Tumbaku haina nafasi kwenye bustani ya mboga

Kila tumbaku inapozungumzwa hapa nchini, mawazo hukimbilia Urambo, Kaliua, Sikonge na Namtumbo: mashamba makubwa, mabani ya kukaushia, marobota yanayosubiri wanunuzi na bei ya kilo kwa dola. Mjadala huo ni muhimu na una wenyewe. Leo naomba tuizungumzie tumbaku nyingine, ile isiyo na mnunuzi na isiyofika kwenye mzani wa chama cha msingi. Ni miche mitano, kumi, pengine ishirini, iliyosimama nyuma ya jiko, kando ya shimo la taka au palipokuwa na zizi zamani, ambako samadi imeoza vizuri. Shina linamfikia mtu mzima kifuani, na hatua moja tu kutoka hapo kuna mchicha, nyanya na bilinganya za mchuzi wa jioni.

Msimamo wangu nautanguliza: miche hiyo iondolewe kwenye bustani zetu za nyumbani. Sisemi hivyo kwa kumdharau anayeiotesha. Wengi wao ni wazee wetu, na wanazo sababu zinazostahili kusikilizwa kabla ya kujibiwa.

Sababu ya kwanza ni mazoea ya vizazi. Asili ya tumbaku ni bara la Amerika, na ilivuka bahari baada ya safari za Wazungu zilizoanza mwaka 1492. Ilipofika kwetu haikuchukua muda mrefu kuwa mwenyeji. Kufikia karne ya 19, tumbaku ya Usambara ilikuwa na jina kwenye masoko ya pwani, na wasafiri waliopita njia za misafara kuelekea Tabora na Ujiji waliikuta ikioteshwa karibu na nyumba za watu. Kukawa na kiko cha babu, ugoro wa bibi, na huko mwambao na visiwani ile tumbaku ya kutiwa kwenye tambuu pamoja na popoo na chokaa. Katika jamii kadhaa mgeni wa heshima alikaribishwa kwa tumbaku, na posa au tambiko halikukamilika bila wazee kupelekewa fungu lao.

Sababu ya pili ni fedha. Sigara zinanunuliwa, tena kila siku. Mzee asiye na kipato cha uhakika akiwa na miche yake haombi mtu. Sababu ya tatu ni dawa: maji ya tumbaku yanaua vidukari kwenye mboga, na majani makavu yakiwekwa kwenye kiota hufukuza utitiri wa kuku. Sababu ya nne ndiyo ninayoisikia zaidi siku hizi, hata kwa vijana wa mjini: kwamba tumbaku ya nyumbani ni ya asili, haijapita kiwandani, haijatiwa kemikali, na kwa hiyo haina madhara kama sigara. Hii ya nne ndiyo hatari kuliko zote, kwa sababu inamfanya mtu astarehe mahali ambapo angepaswa kushtuka.

Tuanze na mmea wenyewe. Mbegu ya tumbaku ni ndogo kiasi kwamba gramu moja ina mbegu zaidi ya 10,000. Ukizimimina kiganjani utadhani umeshika vumbi la kahawia. Ndiyo maana haisiwi moja kwa moja shambani. Mbegu huchanganywa na majivu au mchanga ili zisirundikane, humwagwa kwenye kitalu chenye udongo laini, hufunikwa kwa nyasi na kunyunyiziwa maji kwa muda wa miezi miwili hivi, kisha miche huhamishwa. Mmea ukikomaa, shada la maua hutokeza juu. Hapo mkulima mzoefu hukata kilele, na kila baada ya siku chache hupita akivunja vichipukizi vinavyochomoza kwenye makwapa ya majani. Akitoka hapo vidole vyake vimeganda utomvu mweusi wenye harufu, ambao sabuni haiutoi kwa mara moja.

Kazi hiyo ya kukata vilele inafanywa ili majani yanenepe na tumbaku iwe kali. Ukali huo ni nikotini. Mmea huitengeneza kwenye mizizi na kuipandisha kwenye majani, na kazi yake ni kuulinda dhidi ya wadudu na wanyama wanaotaka kuutafuna. Ukiukata kilele, mizizi huzidisha kazi na majani hupokea nikotini nyingi zaidi. Kwa maneno mengine, mtu anayeotesha mwenyewe kwa jembe la mkono, bila kiwanda na bila kampuni, ndiye anayeusukuma mmea utoe sumu nyingi kuliko ambavyo ungetoa ukiachwa uchanue. Nikotini ni ya asili, ndiyo. Sumu ya koboko nayo ni ya asili.

Na hayo ni kabla ya kukausha. Nyumbani hakuna bani. Majani hufungwa vichane yakaning'inizwa darini jikoni, juu ya moshi wa kuni, au yakatundikwa barazani mpaka yawe ya kahawia. Katika kukauka na kuchachuka huko, vijidudu vilivyomo kwenye jani hugeuza naitreti kuwa naitraiti, nazo zikikutana na nikotini na viambato ndugu zake huzaa kundi la kemikali ziitwazo nitrosamini za tumbaku. Baadhi ya kemikali hizo zimethibitika kusababisha saratani. Hakuna mtu wa kiwandani aliyezitia. Zimezaliwa ndani ya jani lenyewe, kwenye dari yako mwenyewe. Moshi wa kuni nao huongeza masizi yake juu ya hayo.

Anayetaka ushahidi wa jambo hili asiende mbali, aangalie Sudan. Huko kuna tumbaku ya kuweka mdomoni iitwayo toombak. Inatengenezwa na wachuuzi wa kawaida kutokana na tumbaku kali ya jamii ya Nicotiana rustica, inachachushwa, kisha inachanganywa na magadi. Hakuna viungo vya ajabu ndani yake wala mashine kubwa. Watafiti walioipima walikuta kiwango cha nitrosamini kikubwa mno, miongoni mwa vikubwa kuliko vyote vilivyowahi kupimwa kwenye tumbaku duniani, na saratani ya kinywa imehusishwa kwa karibu na matumizi yake. Kama utengenezaji wa kienyeji ungekuwa kinga, toombak ingekuwa salama kuliko sigara. Hali halisi ni kinyume chake.

Sasa ulinganishe na ugoro wetu. Nimewatazama akina mama wakiutengeneza. Majani makavu yanatwangwa kwenye kinu kidogo, yanachekechwa kwa kitambaa chepesi, kisha unga wa magadi unatiwa kidogo kidogo huku mtengenezaji akionja kwa ncha ya kidole. Bila magadi, ugoro unaonekana umepoa. Ukitiwa magadi ya kutosha, anapiga chafya, macho yanalengalenga machozi, anatikisa kichwa kwa kuridhika. Kinachotokea hapo ni kemia ya wazi kabisa: magadi hupunguza uchachu, na nikotini ikiwa katika hali hiyo hupenya ngozi laini ya pua na mdomo kwa kasi kubwa zaidi kwenda kwenye damu. Chokaa kwenye tambuu hufanya kazi hiyohiyo. Wazee wetu waligundua kwa kuonja njia ya kuipeleka nikotini mwilini haraka. Ugunduzi ni wa akili, lakini uliokuwa ukiongezewa nguvu ni uraibu. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, IARC, limeiweka tumbaku isiyovutwa kwa moshi kwenye kundi la kwanza la visababishi vya saratani kwa binadamu, kundi lilelile ilimo sigara. Popoo nayo imo humo, hata ikitafunwa bila tumbaku.

Kuna madhara mengine ambayo hayasubiri miaka. Nikotini huyeyuka kwenye maji na hupita kwenye ngozi. Mtu anayechuma majani asubuhi yakiwa na umande, au mara baada ya mvua, shati likamlowa kifuani na mikononi, anaweza baada ya saa chache kupatwa na kichefuchefu, kutapika, kizunguzungu, kichwa kuuma na jasho jembamba. Wakulima wa Tabora wanaijua hali hiyo hata kama hawakuwahi kuambiwa chanzo chake. Wengi hudhani ni malaria au njaa. Mwaka 2014 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti kuhusu watoto wanaofanya kazi kwenye mashamba ya tumbaku nchini Marekani, na watoto wengi waliohojiwa walieleza dalili hizohizo. Mwili wa mtoto ni mdogo, na kiasi kinachomlewesha mtu mzima kinamwangusha mtoto. Nyumbani kwetu nani hutumwa kuchuma jani moja la babu? Ni mjukuu, tena asubuhi kabla ya kwenda shule, umande haujakauka.

Mjukuu huyo anajifunza pia. Mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Anayeanua vichane, anayetwanga, anayepeleka kopo la ugoro kwa bibi, siku moja ataonja. Sigara ya dukani ina bei inayoweza kumzuia mtoto asiye na senti. Jani lililo darini halina kizuizi chochote.

Kisha kuna mboga. Bustani ya nyumbani kwetu huchumwa na kila mtu: mama, dada wa kazi, shangazi aliyekuja kutembea, mtoto aliyeambiwa alete majani ya kupika. Mnavu, mchicha, matembele na majani ya maboga hukua pamoja, na mengine huota yenyewe. Kuingiza humo mmea wenye sumu ni kucheza na bahati. Tumbaku pori, ule mti mwembamba wenye maua ya njano marefu kama vibomba unaoota kandokando ya barabara na kwenye viwanja vitupu, umeshaua watu waliopika majani yake wakidhani ni mboga. Kisa kimoja cha namna hiyo kiliandikwa na wataalamu huko Afrika Kusini. Wanyama nao hawako salama. Katika jimbo la Kentucky nchini Marekani, nguruwe wenye mimba waliokula mabua ya tumbaku walizaa watoto wenye miguu iliyopinda. Mbuzi na nguruwe wetu wa uani hawasomi vibao.

Hoja ya dawa ya wadudu inahitaji jibu la heshima, maana imejengwa juu ya jambo la kweli. Maji ya tumbaku yanaua vidukari. Kwa miaka mingi wakulima wa Ulaya na Marekani walitumia nikotini ya viwandani mashambani kwa kazi hiyohiyo, kisha wakaiacha kwa sababu ya ukali wake kwa mtu anayenyunyiza. Leo kanuni za kilimo hai za Marekani, ambazo kwa kawaida hupendelea vitu vya asili, zimeitaja tumbaku kwa jina miongoni mwa vitu vya asili vilivyopigwa marufuku. Kwetu sisi mama analoweka majani usiku kucha kwenye ndoo ileile ya kuchotea maji, anakamua kwa mikono mitupu, ananyunyiza mchicha Ijumaa, na Jumapili mchicha uko mezani. Hakuna aliyepima kilichobaki kwenye jani. Mwarobaini upo karibu kila mtaa. Majani au mbegu zake zikitwangwa na kulowekwa hufanya kazi kwa wadudu wengi wa bustani bila kumtapisha mtu. Maji ya sabuni kidogo yanatosha kwa vidukari. Majivu yapo jikoni.

Mkulima wa nyanya ana sababu yake ya ziada ya kuiogopa tumbaku. Nyanya, pilipili, bilinganya, viazi mviringo na mnavu ni ukoo mmoja na tumbaku, na wanaukoo huambukizana magonjwa. Maarufu zaidi ni batobato ya tumbaku. Utafiti wa jani la tumbaku lenye batobato ndio uliowafungulia wanasayansi mlango wa kuvijua virusi: Dmitri Ivanovsky alionyesha mwaka 1892 kwamba ugonjwa huo hupita kwenye chujio linalozuia bakteria, na Martinus Beijerinck akauendeleza utafiti huo mwaka 1898. Kirusi hicho hakihitaji mdudu wa kukibeba. Kinasafiri kwa vidole, kisu na nguo, na kinaweza kuishi miaka kwenye jani kavu. Mtu aliyetoka kuvunja vichipukizi vya tumbaku, au kusokota sigara yake ya kienyeji, akaenda moja kwa moja kupunguza matawi ya nyanya, anaweza kupanda ugonjwa shina kwa shina. Atakapoona majani yamejikunja na kuwa na mabaka ya njano na kijani, atalaumu mbegu. Minyoo fundo ya kwenye mizizi nayo hupenda tumbaku na nyanya kwa pamoja, na udongo ukishajaa minyoo hiyo unahitaji misimu ya mapumziko. Tena tumbaku ni mlafi wa mbolea: samadi iliyokusudiwa mboga inaishia kwenye majani ya kuvuta.

Wapo watakaosema kwamba ua wa mtu ni ua wake, na kwamba serikali isiingie mpaka nyuma ya jiko. Nakubaliana nao kwa sehemu. Australia imechagua njia ya sheria: huko ni kosa kuotesha tumbaku nyumbani bila leseni, hata kwa matumizi yako mwenyewe. Siitaki njia hiyo hapa. Sitaki kumwona mgambo akimng'olea bibi wa miaka 80 miche yake huku tukiwa hatujawahi kumweleza lolote. Sheria zetu za mwaka 2001 na 2003 zilitungwa kwa ajili ya tasnia na bidhaa za tumbaku: zinamtazama mkulima wa soko, mnunuzi, kiwanda na muuzaji. Bustani ya nyumbani inabaki mahali ambapo hakuna anayesema neno. Afisa ugani akifika anakagua mahindi. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii akifika anauliza vyandarua na kliniki ya mtoto. Miche ya tumbaku wote wameiona, na wote wamenyamaza kwa kuwa ni ya mzee.

Ukimya huo ndio ninaoulalamikia. Tanzania iliridhia Mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa Kudhibiti Tumbaku mwaka 2007. Kenya ilitangulia mwaka 2004. Mkataba huo unazitaka nchi ziwasaidie wakulima wa tumbaku kupata mbadala unaolipa. Kenya imeonyesha namna ya kuanza. Mwaka 2021, katika kaunti ya Migori, serikali pamoja na mashirika ya Umoja wa Mataifa ya afya, kilimo na chakula walianza kuwapa wakulima wa tumbaku mbegu za maharagwe yenye madini mengi ya chuma, mafunzo, na muhimu kuliko vyote, mnunuzi wa uhakika. Wakulima waliozoea kuandamwa na madeni ya pembejeo walipata zao wanaloweza kuliuza na likibaki wakalila. Kaulimbiu ya Siku ya Kutotumia Tumbaku Duniani ya tarehe 31 Mei 2023 ilihimiza kulima chakula mahali pa tumbaku. Kama mkulima wa ekari nzima, ambaye tumbaku ndiyo ada ya shule na bati la nyumba, anaweza kushawishiwa kwa heshima na kwa mbadala, sisi wenye miche kumi ambayo haituletei hata shilingi tuna kisingizio gani?

Simsahau mzee mwenyewe. Mtu aliyevuta kiko au kunusa ugoro kwa miaka 50 hawezi kuambiwa aache kesho asubuhi, na kumfokea ni kumvunjia heshima bure. Uraibu wa nikotini ni ugonjwa, na mgonjwa husaidiwa. Apelekwe kituo cha afya akaangaliwe kinywa, kwani kidonda kisichopona au baka jeupe kwenye fizi likiwahiwa linatibika. Apunguziwe kidogo kidogo, akiwa na watu wa kumtia moyo. Wakati huo kopo lake likae mbali na watoto, na mtoto asitumwe tena kuchuma, kutwanga wala kuleta. Hayo mzee mwenyewe, akielezwa vizuri, hatayapinga. Hakuna babu anayemtakia mjukuu wake mabaya. Tumbaku huua zaidi ya watu milioni 7 duniani kila mwaka, na kila mmoja wao alikuwa wa mtu fulani.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa mwenye nyumba, na linaweza kutekelezwa wiki hii. Subiri siku kavu, umande uwe umekwisha. Vaa glovu, au funga mifuko ya plastiki mikononi. Ng'oa miche pamoja na mizizi, ifukie kwenye shimo refu mbali na mboga na mbali na mifugo, wala usiichome ukavuta moshi wake. Nawa kwa sabuni, fua nguo ulizovaa. Mahali hapo panda kwanza mahindi au karanga. Nyanya, bilinganya na mnavu visubiri msimu mwingine udongo upumzike. Otesha mwarobaini mmoja pembeni kwa ajili ya dawa. Kwa maafisa ugani na wahudumu wa afya, ombi ni fupi zaidi: mkipita nyuma ya jiko mkaona tumbaku, msinyamaze. Ketini na mwenyewe, mwelezeni kwa adabu, na mmwachie mbegu ya kitu kingine. Ardhi yetu ya uani ni ndogo. Tuiachie chakula.